Visamaki Ulivyoniagiza, Mama

Shamba la Ziwani,
Naivasha,
22 Septemba 1957

Mama yangu mpendwa,

Napiga hodi mlangoni kwako kwa karatasi hii, maana miguu yangu haijapewa ruhusa ya kuja Chwele. Hujambo, Mama? Unalala vizuri? Lile goti la kushoto linakuacha utembee mpaka kisimani, au bado unaenda ukishikilia ua? Yule ng'ombe mweupe amezaa? Sisi huku tunavuta pumzi, na hilo ni la kumshukuru Mungu. Nabalayo anakusalimu sana. Mjukuu wako Khaemba, uliyempa jina la Baba kwa mdomo wako mwenyewe mwezi wa tatu, sasa anatambaa mpaka jikoni na ana meno mawili. Jana alimng'ata mamake kidole, kisha akalia yeye. Nilimwambia Nabalayo kwamba huyo kweli ni Baba amerudi.

Khisa, ndugu yangu, nakusalimu wewe unayemsomea Mama, pamoja na mkeo na watoto. Naomba usome barua hii yote kama nilivyoiandika. Nakujua, ukiona mahali panaponuka wewe huruka ukaendelea mbele. Safari hii usiruke. Na kama majirani wameingia kusikiliza, soma mpaka hapa, uwaambie Wasike anawasalimu, wanywe chai yao waende.

Mama, barua yenu ya mwezi wa nane nilipata. Khisa ameandika kwamba tangu mvua ianze huna hamu ya chakula, kwamba unamega matonge mawili ya ugali halafu unasukuma sahani, na kwamba daktari wa zahanati alikupa dawa chungu isiyosaidia. Halafu akaandika kwamba umesema kitu kimoja tu kinaweza kukurudishia tumbo: vile visamaki vidogo nilivyokupikia ulipokuja huku, vile vyenye mayai ndani, vinavyolia chini ya meno. Khisa akaongeza kwamba nitume kwa gari la moshi hata mkebe mmoja, vikiwa vimekaushwa, na kwamba unaulizia kila Jumamosi kama vimefika stesheni.

Barua hiyo nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimekwenda nayo kazini mfukoni, imepata mafuta ya pampu. Mtu akiagizwa na mamake mgonjwa hujibu siku hiyo hiyo, na mimi nimekaa wiki sita. Siwezi kukudanganya kwamba kazi imezidi. Kazi ni ile ile ya kupiga maji kwenye mifereji. Nilikuwa nakuogopa, Mama. Mtu mzima mwenye ndevu na mtoto, nilikuwa naogopa mwanamke mwenye goti bovu aliye maili zaidi ya mia mbili kutoka hapa.

Kukujibu ndiyo au la ni neno moja, lakini neno hilo halitaeleweka bila habari yake yote. Kwa hiyo kaa vizuri, mwambie Khisa akusogezee kile kiti cha Baba.

Wewe uliviona visamaki hivyo vikiwa ndani ya mchuzi tu, acha nikuonyeshe vikiwa hai. Kimoja hakifikii urefu wa kidole chako cha mwisho. Rangi yake ni hafifu, ya majani yaliyokauka, lakini jicho lake lina kitu cha buluu juu kinachong'aa hata maji yakiwa na matope. Ukisimama mahali vilipo huoni mwili, unaona macho tu yakizungukazunguka. Kwa sababu hiyo watu wa shamba hili waliviita vitaa.

Aliyenionyesha kwanza ni Ndung'u. Nilipofika hapa mwaka wa 1953 yeye ndiye aliyekuwa mtu wa pampu, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Alizaliwa kando ya ziwa hili, babake alichunga ng'ombe wa mzungu wa kwanza. Samaki yeye hali, watu wake wanamweka samaki pamoja na nyoka, na kila nilipokula dagaa kavu za dukani aliniuliza ulimi wangu unawezaje kushika kitu kisicho na miguu. Nilimjibu kwamba kwetu karibu na Nzoia wasiokula samaki ni wale wasiojua kuwavua. Tulicheka hivyo kila mchana, mzaha ule ule, wala haukutuchosha.

Ndung'u aliniambia kwamba utotoni mwake vitaa vilijaa kwenye maji ya kina kifupi mpaka ng'ombe wakinywa walikuwa wanavipiga chafya kutoka puani. Kisha wazungu wa zamani wakaleta samaki kutoka ng'ambo, wapate wa kumvua kwa fimbo na uzi Jumapili. Huyo sisi tunamwita Mdomo. Akifungua kinywa unaweza kuweka kikombe ndani. Mdomo hatafuni, anameza. Vitaa vilijificha kwenye mizizi ya mafunjo, mahali Mdomo hawezi kupita, vikaishi hivyo miaka mingi kwa kujibana. Halafu ziwa nalo likaanza kurudi nyuma. Mwaka niliokuja mimi ungeweza kutoka kwenye gati la zamani ukatembea nusu maili kwenye nchi kavu kabla ya kulowa viatu. Mafunjo yalibaki yamesimama kwenye udongo mkavu, yakachomwa moto, na pale pakapandwa majani ya ng'ombe mpaka kwenye ukingo wa maji. Maficho yakaisha, na Mdomo yuko nje anangoja.

Sasa kuna mzungu mmoja mwembamba anayekuja kutoka Nairobi kila baada ya miezi miwili au mitatu, kazi yake kuhesabu samaki. Sisi tunamwita Bwana Chupa kwa sababu gari lake linalia chupa njia nzima. Si mtu mbaya. Kiswahili chake ni cha kuokota, lakini anauliza mtu jina lake na siku nyingine analikumbuka. Huyo ndiye aliyetuambia kwamba vitaa haviko kwenye maji mengine yoyote duniani. Nakuru haviko, maji ya kule ni chumvi tupu. Baringo haviko. Mimi sikumwamini, maana wazungu wanapenda kusema kitu fulani ni kikubwa kuliko vyote au ni cha pekee. Nilimwuliza Owino, jirani yangu kwenye kambi yetu, mtu aliyekulia ndani ya mitumbwi ya Nyanza na anayejua samaki kama padri anavyojua majina ya watakatifu. Owino akaviangalia muda mrefu, akasema hajawahi kuona jicho kama hilo.

Mwaka ule ule niliofika, Bwana Chupa na Ndung'u walivuta wavu wiki nzima, wakapata vitaa hamsini na kitu. Wakavitia kwenye birika la saruji lililo chini ya kinu cha upepo kilichovunjika, mahali ng'ombe walikuwa wanakunywa zamani. Ndung'u akawa mlinzi wao, yeye asiyekula samaki. Alivizoesha. Jioni aligonga ukuta wa birika mara tatu kwa kifundo cha kidole, akanyunyiza makombo ya ugali, na vyote vikaja juu kwa pamoja, macho yakiwaka. Mwanzoni nilimcheka kwamba amekuwa mchungaji wa mifugo isiyo na maziwa.

Unakumbuka habari za Hali ya Hatari nilizokuandikia mwaka wa 1954. Asubuhi moja malori ya askari yakaja kuchukua watu wa kabila lake wote wakafungwe, hata wale tuliokuwa tumekula nao usiku uliopita. Ndung'u alipita mbele yangu na blanketi lake begani. Alikuwa na mke, alikuwa na mbuzi saba, na hakuniambia habari ya mke wala mbuzi. Aliniambia nigonge mara tatu, jioni, na makombo yawe madogo. Ndivyo pampu ilivyokuwa yangu, na birika pia. Nimeligonga miaka mitatu, Mama, mvua na jua.

Vikazaana polepole. Bwana Chupa alikuwa na mpango kwamba ziwa likirudi, ataziba ghuba moja ndogo kwa waya mwembamba, apande mafunjo, avirudishe humo Mdomo asivifikie. Mwezi wa pili mwaka huu alivuta wavu ziwani siku nne. Alipata Mdomo, alipata samaki wengine wa kuletwa, alipata kiatu kimoja cha askari. Kitaa hata kimoja hakupata. Akaja kwenye birika, akahesabu mia moja na kumi na viwili, akafuta miwani yake kwa shati, akaniambia kwamba Wasike, sasa ni hawa tu. Kama hawa wakiisha, wameisha. Alinipa mkono, jambo ambalo hakuwa amefanya hata siku moja, na akaenda.

Habari nyingine ya huku ni ya fisi maji. Hawa hukuwaona. Ni wanyama warefu, wa rangi ya kahawa, wenye masharubu na mikono kama ya mtu, wanacheza majini kama watoto waliotoroka shule. Familia moja ilikaa kwenye mawe karibu na pampu yangu, na nilipokuwa na huzuni baada ya habari ya Baba walinichekesha bila kutaka. Mwenye shamba, tunayemwita Bwana Ndoano kwa jinsi anavyopenda kuvua, amewachukia miaka yote. Anasema wanammalizia Mdomo wake. Mara tatu alitaka wauawe wote, pamoja na ndege wanaokula samaki, na mara tatu Bwana Chupa aliandika barua kali na kumzuia.

Basi mwezi wa nne Bwana Chupa alipokuja alikuta vitaa kwenye birika vimepungua zaidi ya nusu. Aliulizia sana, na mwishoni ikasemekana kwamba ni fisi maji aliyepanda ukuta na kuvila. Bwana Ndoano aliposikia akafurahi kama aliyeshinda kesi. Safari hii Bwana Chupa hakuandika barua. Atawatetea vipi wanyama waliokula kile alichokuwa anakilinda? Owino akapewa mitego ya chuma na kuamriwa aitege kwenye mawe. Kwa wiki mbili alileta fisi maji kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa mama, matiti yamejaa, na watoto wake tuliwasikia kwenye matete siku mbili wakipiga mluzi, siku ya tatu hatukuwasikia. Owino hakula chakula cha jioni siku hiyo. Kisha Bwana Ndoano, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea kuua, akaamuru samaki wapakwe dawa ya josho, ile sumu ya kupe wa ng'ombe, na kutupwa ukingoni. Wakafa mnandi, wakafa korongo, na wale tai wawili wenye kichwa cheupe waliokuamsha asubuhi kwa kelele, ukasema kwamba huku hata ndege wana dharau. Mmoja alianguka karibu na pampu. Asubuhi za hapa sasa zimenyamaza, unasikia pampu tu.

Sasa Khisa, soma polepole. Mama, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kusema neno.

Haikuwa fisi maji.

Kumbuka siku uliyofika. Ilikuwa Alhamisi, gari la moshi la mchana. Ulishuka umeshika kile kikapu, nikashindwa kukutambua haraka. Gauni lilikuwa linakuning'inia. Ulisema hujala tangu Timboroa kwa sababu gari lilikutikisa, lakini niliona kwamba hukuwa umekula vizuri tangu mumzike Baba. Na mimi sikuwa nimekuja kumzika. Niliomba ruhusa mara mbili na kunyimwa mara mbili, nikaambiwa nikienda nisirudi. Kwa hiyo nilipokupokea kikapu mkono wangu ulikuwa mzito kwa aibu, na kitu nilichotaka kuliko vyote ni kukuona unakula nyumbani kwangu ukashiba.

Tukafika. Nabalayo kwa furaha alikuwa ameshachinja jogoo. Usimlaumu, yeye alilelewa na wamisheni, kule wasichana wanakula kuku bila kujiuliza, hata firigisi. Alikuwekea sahani mbele. Wewe hukusema neno baya. Kwa mwiko wetu, wanawake wa rika lako hawajaweka kuku mdomoni tangu kuzaliwa, wala hukutaka kuanzia mbele ya mkwe wako. Ulisukuma ile sahani taratibu mpaka upande wangu, ukasema kwamba ugali na chumvi vinakutosha kabisa. Nabalayo akatoka nje akasimama nyuma ya nyumba, na mimi nilijua analia.

Mama, mjane anakuja kumpa mjukuu wake jina la marehemu, na mwanawe anampa chumvi. Nilifikiri haraka. Nyama haikuwepo, shamba lilikuwa kwenye karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, hakuna kuchinja wala kupitisha maziwa. Sukumawiki na kunde zetu zilikuwa zimelaliwa na viboko wiki ile, ulikiona hicho kiwanja. Maharagwe yangekuchelewesha. Na mfanyakazi akikutwa na Mdomo hata mmoja anaondoka siku hiyo hiyo, godoro kichwani. Nikachukua chekecheke la unga na bakuli, nikakuambia nakwenda kwa jirani kutafuta kitoweo.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima. Niligonga mara tatu.

Vilikuja vyote. Vilidhani ni makombo. Havikunikimbia, Mama, vilikuja vikajipanga mbele ya mkono wangu kama kila jioni. Nilikuwa nimejiambia nitachukua ishirini tu. Nilipoviona ishirini ndani ya bakuli nikaona ni matusi, havifuniki hata kitako. Nikaendelea. Na kwa kuwa ulinifundisha kwamba mgeni hapewi kilichobaki bali kilicho kizuri, nikaanza kuchagua. Vile vyembamba nilivirudisha. Vile vyenye tumbo la mviringo, vilivyonona, nikaviweka. Nilikuwa mwangalifu sana. Nakumbuka kimoja chembamba chenye mapezi ya kung'aa nilikirudisha majini nikakiambia kiende kikue, nikajiona mtu mwenye busara. Bakuli likajaa.

Ulikula. Ulimega tonge baada ya tonge, ukalamba kidole, ukasema vina mayai na mayai yanalia. Ukacheka. Nabalayo akaingia ndani akakuona unacheka, naye akacheka macho yakiwa bado mekundu. Uliniuliza vinaitwaje, nikasema ni dagaa za huku. Kesho yake ulimbeba mtoto ukamwita Khaemba kwa sauti iliyosikika kambi nzima. Sitakudanganya, siku ile sikujuta. Nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote tangu niondoke nyumbani.

Bwana Chupa alipokuja mwezi wa nne, mdomo wangu ulimtaja fisi maji kabla mimi mwenyewe sijaamua. Alichukua kikapu chake kidogo cha wavu, akakitoa kitaa kimoja kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Alipomaliza alikaa chini kwenye udongo na suruali yake safi. Akanieleza kwamba vile vyembamba vya mapezi ya kung'aa ni madume. Majike ndiyo yale ya tumbo la mviringo, na lile tumbo ni mayai. Katika birika hakukuwa na jike hata moja.

Aliniuliza fisi maji angewezaje kuchagua majike peke yake. Nikamjibu kwamba aliyebeba mayai ni mzito, hawezi kukimbia upesi. Nikadhani amejua. Lakini akaitikia kwa kichwa, akasema hilo ni jambo la maana, hakuwa amelifikiria, akafungua daftari akaandika na jina langu juu yake. Uongo wangu uko Nairobi sasa ndani ya kitabu, na watu waliosoma watausoma na kuuamini. Na mimi nilijua fisi maji wale wanakula kaa. Nilipita kwenye mawe yao kila asubuhi, kinyesi chao ni maganda ya kaa matupu. Nilijua, na nikamtazama Owino akitega.

Madume yalibaki arobaini na kitu. Niliendelea kugonga, yakaendelea kuja. Yakazeeka, yakafa moja moja, na kila Jumamosi nilitoa mawili au matatu kwa jani. La mwisho lilikuwa peke yake siku kumi na sita. Nilipogonga lilikuja juu, likazunguka, halikula. Lilikufa tarehe tisa Agosti. Bwana Chupa alikuwa amekuja wiki hiyo, akalitia kwenye chupa yenye dawa. Ndani ya siku mbili lile jicho la buluu likawa jeupe kama la samaki yeyote. Wiki hiyo hiyo ndipo barua yenu ilipofika, ya kuniagiza visamaki.

Kwa hiyo, Mama, jibu ni hakuna. Nisingependa uamini hivyo bila mimi kutafuta. Jumapili tatu nimeingia ziwani na lile chekecheke, maji mpaka kifuani, Nabalayo akinipigia kelele kutoka ukingoni kwa sababu ya viboko. Nimechokora kila mzizi wa mafunjo uliobaki upande huu. Ninachopata ni watoto wa Mdomo. Nawapasua matumbo nikitumaini kuona hata mfupa. Sioni kitu.

Nimesikia pia kwamba Ndung'u amefunguliwa, yuko kwa dada yake Subukia anangoja karatasi za kurudi kazini. Akirudi ataweka blanketi lake chini na kwenda moja kwa moja kwenye birika. Nimejaribu kupanga maneno ya kumwambia, na kila nikiyapanga yananitoka.

Wewe huna kosa. Ulikula kilichowekwa mbele yako na mwanao, kama mama yeyote angefanya. Kosa ni langu, na sehemu ya kosa hilo inaniogopesha hata leo: nikirudishwa kwenye jioni ile, sahani ya kuku iko upande wangu na chumvi iko upande wako, sijui kama ningeliacha chekecheke ukutani. Nimejiuliza kanisani, nimejiuliza kwenye pampu. Sijui.

Nimemkabidhi mtu wa stesheni kifurushi. Ndani kuna omena, dagaa za Nyanza, alizoletewa Owino kutoka kwao. Hazina mayai, na ni chungu kidogo kichwani, lakini Nabalayo anasema ukizikaanga na vitunguu zinakwenda. Tafadhali kula, Mama. Usizikatae kwa sababu si zile. Zile hazitakuja Jumamosi hii wala nyingine, hata nikiwa mzee, hata Khaemba akiwa mzee. Usiulizie tena stesheni.

Nina ombi moja, kisha nifunge. Siku ile tulikuachia bakuli lote, mimi na Nabalayo tukala yule jogoo. Nimevilisha vitaa miaka mitatu, naijua rangi yake na jinsi vinavyogeuka, lakini sikuonja hata kimoja. Ndung'u hali samaki, na Bwana Chupa ana mmoja tu asiye na rangi. Katika watu wote wa dunia hii ni wewe peke yako unayejua ladha yake. Ukipata nguvu, mweleze Khisa vilikuwaje mdomoni, yale mayai yalilia vipi, vilikuwa vitamu kama nini, na Khisa aniandikie yote bila kuacha kitu.

Nisalimie watu wote wa nyumbani, na kaburi la Baba lisalimie kwa niaba yangu, uliambie bado sijapewa ruhusa. Nabalayo anakuombea tumbo zuri. Khaemba ameshika kona ya karatasi hii sasa hivi, hilo doa ni la mkono wake. Mungu akuweke mpaka nipate njia ya kuja kupiga magoti mbele yako na kuyasema haya kwa mdomo.

Mimi mwanao, mtu wa pampu,

Wasike